Somo, Shemeji Amevuka Kitambaa Chako

Somo yangu Hadija,

Nianze kwa kukutoa wasiwasi: mumeo mzima. Anakula, anaoga, na jana amenipigia simu kunilalamikia kwamba kitabu nilichompelekea hakitishi. Nimecheka mpaka mama wa dagaa akaniuliza kama nimepandwa na kitu. Sasa tulia nikusimulie, maana kabla ya kucheka huko, wallahi, nilidhani nimemuua.

Meza yetu iko palepale sokoni Nachingwea, turubai ni lile lile lenye tundu. Watu bado wananiita Hadija Mdogo ingawa Mkubwa ameondoka. Nimewaacha. Madaftari na vitabu vya shule viko kushoto, riwaya za mapenzi katikati, na kulia, chini ya kanga yako kuukuu, viko vile vyako vya kutisha. Vijana wa machimbo ya Namungo wakija mjini wanafunua kanga wenyewe na kuuliza, "Aunty, kichaa zipo?" Lugha hiyo uliwafundisha wewe. Pilipili hoho kwa anayeanza, mzimu unabisha hodi halafu unaondoka. Pilipili mbuzi kwa aliyezoea damu. Na pilipili kichaa kwa wale wachache ambao wakishakisoma watakula ugali huku wanatazama mlango.

Nazifuata sheria zako, usidhani nimeziacha. Anayejisifu haogopi kitu, mpe kitabu cha mapishi. Muulize msomaji anaogopa nini kabla hujamuuliza anapenda nini. Yule mwalimu wa Marambo alikwambia anaogopa visima, ukampa cha kisima, akarudi macho mekundu na meno yote nje, anataka kingine. Usimsimulie mtu mwisho hata akipiga magoti. Na ile kubwa kuliko zote: mfiwa hapewi kichaa kabla ya arobaini. Yule mama wa Mtua aliyefiwa na kaka yake ulimpa hadithi za sungura, akakutukana sokoni mbele za watu. Wewe ukamfungia kwenye gazeti na kumwambia, "Nenda kapumzike, mwanangu."

Halafu ukaugua wewe. Mkarudi kwenu Ruangwa, na mezani ukachukua kitabu kimoja tu. Somo, katika vitabu vyote! Kile cha mume aliyekataa kuzika. Mkewe amekufa, yeye anafunga mlango, anamwekea chakula, anamchana nywele, majirani wakiuliza anawaambia amelala. Mimi nilikuwa nimekimaliza, na kwa siku kadhaa nyama haikunipita kooni. Nilikupigia simu nikakugombeza kwamba mgonjwa hasomi uchafu ule. Ukanijibu, "Anayekufa ni mimi, somo, niache nichague cha kusoma. Na ole wako unisimulie mwisho." Nilikata simu nikalia nyuma ya kibanda cha fundi simu.

Hukufika mwisho. Tulipokuzika, shemeji alinirudishia kitabu akasema, "Hiki mali ya meza." Kitambaa chako kilikuwa ndani, kile kipande cha kanga nyekundu unachowekea alama, zimebaki kurasa chache tu. Niliona uchungu pale, Mungu anisamehe, kuliko wakati wanafukia kaburi. Nikakificha chini kabisa, sikukiuza.

Msiba wako haukuwa mzuri, bora nikwambie. Watani walikuja kama kawaida, Mzee Bakari Myao akiwa mbele, keshajilaza kando ya kaburi anadai yeye ndiye aliyeahidiwa nafasi ile. Watu wakaanza kucheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Shemeji akawafukuza. Akawafukuza watani, Hadija! Tangu lini? Mzee Bakari alijipangusa udongo akaondoka, na sisi wengine tukabaki na kilio kimekwama kifuani.

Arobaini ikafika. Ndugu zako wakataka kugawa nguo zako, shemeji akakataa. Akasema ni safi, hazimsumbui mtu, zikae. Viatu vyako vikabaki mlangoni. Rehema wako alipita hapa akirudi Dar, akanishika mkono mtoto wa watu analia, "Mama mdogo, baba anamwekea mama chai. Kila asubuhi. Na sahani yake ipo mezani." Hadithi hiyo nilikuwa nayo chini ya kanga.

Na nani aliyekuja mezani baada ya hapo? Yeye mwenyewe. Mtu aliyeita biashara yetu vitabu vya majini miaka yote! Kanzu imemlegea mabegani. Akasema anataka kile alichokuwa anasoma Hadija. Nikamwambia kimeuzwa. Nikampa hoho, cha mzimu wa babu. Akarudi nacho baada ya muda akakitua mezani. "Mzimu huyu ana adabu kuliko majirani zangu. Shemeji, nipe cha Hadija."

Nilikwama. Kwa hesabu, arobaini ilikuwa imekwisha, sheria yako ilikuwa haimgusi. Kwa kumtazama, alikuwa ametoka makaburini asubuhi ile ile. Nikafanya ulivyonifundisha, nikamuuliza, "Shemeji, unaogopa nini?"

Akasema, "Kuzoea."

Basi. Neno moja. Akatazama mikono yake. Nami sijui nini kilinisukuma, nikainama nikakitoa, nikampa pamoja na kitambaa chako ndani. Alipotokomea kwenye kona ya soko nilitaka kumkimbilia nimnyang'anye. Nikaishia kuirudishia kanga juu ya vitabu.

Kisha kimya. Simu yake imezimwa. Rehema akanipigia, sauti juu, "Mama mdogo, umempa baba nini? Jirani anasema mlango umefungwa, hata moshi wa jikoni hauonekani!" Somo, nilifunga meza mchana kweupe siku ya gulio. Njia nzima ya Ruangwa nilikuwa nakutukana, wewe na pilipili zako. Nilijiona nimemkabidhi mtu kamba kwa mikono yangu. Nikawa najiambia, nikimkuta mzima nachoma vyote, nauza vitumbua.

Nikafika kwenu. Kelele uani. Nikazunguka nyumba, na pale, mbele ya jiko lako, ukiwa umenipa mgongo, ulikuwa wewe.

Dera lako la maua makubwa ya njano. Kilemba chako cha kijani. Mkono kiunoni, kama ulivyozoea kusimama ukikagua sufuria. Ukakohoa, kikohozi chako chenyewe. Yarabi toba! Kikapu kilinidondoka, mihogo ikatawanyika. Vitabu vyote nilivyosoma, somo, hakuna hata kimoja kilichowahi kunishika shingo namna ile, na jua lilikuwa linawaka.

Ukageuka. Una ndevu.

Mzee Bakari huyo, mjinga mkubwa, ndani ya dera lako! Akaniwakia kwa sauti yako: "We Hadija Mdogo! Nani kakuruhusu kufunga meza saa hizi? Unataka tule majani?" Ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nikakaa chini kwenye mihogo yangu, nikacheka, nikalia, nikamtupia muhogo. Nguo zako zilikuwa lundo juu ya mkeka, dada zako wanachagua na kugombania ile blauzi ya harusini. Na shemeji yuko katikati yao, machozi mpaka kwenye ndevu, anacheka kama mtu aliyekuwa anadaiwa kicheko hicho tangu siku ya kaburi.

Aliniambia mwenyewe tulipokaa. Alisoma vizuri mpaka akafika kwenye kitambaa chako. Pale akashindwa. "Nikisoma zaidi yake, shemeji, nitakuwa nimemwacha nyuma." Akafunga mlango, akazima simu, akawa anarudia ukurasa ule ule bila kuufungua unaofuata. Hakupika. Asubuhi moja akainua macho akaona kikombe chako mezani, chai ya siku aliyofunga mlango imefanya utando, nzi ndani yake. Sahani upande huu, yeye upande ule, mlango umefungwa. "Nikaona niko ndani ya kitabu. Na anayetisha ni mimi." Akakitoa kitambaa, akavuka. Alipomaliza alifungua mlango, akaenda kwa miguu yake hadi kwa Mzee Bakari kumwomba msamaha. Akamwambia, njoo ufanye niliyokuzuia.

Nimeshusha pumzi, Hadija. Sijui nilikuwa nimeibana tangu lini. Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu uondoke, na nikiamka nakukumbuka bila kulia. Nakukumbuka na vituko vyako tu.

Sijachoma kitabu hata kimoja. Nakuahidi jambo hili: kila kichaa kitakachoingia mezani nitakisoma mimi kwanza mpaka ukurasa wa mwisho, ili nijue namvusha mtu kwenda wapi. Na akikaa kimya baadaye nitamfuata, iwe Marambo, iwe machimboni. Swali la arobaini nitaendelea kuliuliza, ila nitamtazama mfiwa usoni pia. Shemeji ndiye mteja wangu mkorofi kuliko wote sasa. Anataka kikali zaidi. Namtafutia.

Kuna kazi moja aliyonipa tulipokuwa tunaagana. Alisema, "Wewe unajua kuandika. Mwandikie umwambie mwisho. Si haki abaki njiani." Kwa hiyo leo navunja sheria yako ya meza, na usinune, huna wa kumlalamikia.

Uliacha pale majirani wanabisha hodi na yule mume ameegemea mlango kwa ndani. Wanabisha sana. Unadhani watauvunja, hata mimi nilidhani. Hawauvunji. Wanakaa chini nje, wanangoja, mpaka anawafungulia mwenyewe. Anawasaidia kumbeba mkewe. Anamzika, somo. Akirudi ndani anaosha sahani zote mbili, moja anaifunika kabatini.

Sahani yako wewe iko kwangu. Shemeji alinifungia kwenye dera la njano nikaondoka nayo.

Lala sasa, Hadija Mkubwa. Umekimaliza.

Somo yako,
Hadija Mdogo