Mguu wa Topeni

Kaka Shaweji,

Ungekuwepo ningekupigia simu jioni ileile. Sasa nakuandikia, maana jambo hili nikikaa nalo peke yangu linaniuma.

Unaukumbuka uwanja wetu pale Bungu, nyuma ya mashine ya kukoboa? Ulirudi kutoka jeshini na judo yako, ukajaza makapi ya mpunga kwenye magunia, ukatandika turubai juu, ukaniita nije nibwagwe. Mama akakuuliza, "Mwanangu, mdogo wako kakukosea nini?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nilianguka sana. Kila nikipiga hatua ulinipiga mtama, na sikuelewa unaujuaje mguu wangu kabla yangu. Siku moja ukanishika ukosi wa koti langu la judo, ukasimama. "Unanyanyua mguu juu mno, Mwanahawa. Wewe bado unatembea visiwani." Ilikuwa kweli. Tumekulia deltani, nyuma ya baba mkata mikoko, na kule usipouchomoa mguu wote, tope linabaki nao. Tulihamia huku barabarani, miguu yangu ikabaki kulekule.

Mwingine angenifundisha kuburuta nyayo. Wewe ulifikiri kidogo, kisha ukasema, "Usiuache. Mwonyeshe mpinzani huo mguu. Akija kuufagia asiukute, hapo hapo mfagie wa kwake."

Tukaanza. Nanyanyua, nauondoa, nakuvuta mkono chini, nakupiga mtama ule ule uliotaka kunipiga mimi. Magunia yalipasuka, tukayashona. Mashindanoni, lakini, nilichelewa kila mara. Nilibwagwa Dar, nikabwagwa tena, nawe pembeni umekunja mikono, unatabasamu. "Itakuja, mdogo wangu. Itakuja tu."

Kisha ukaumwa. Figo, walisema. Mara ya mwisho kusikia sauti yako uliniuliza kama bado najifua, nikasema ndiyo. Tulikuzika, na magunia nikayaacha yanyeshewe.

Nilikukasirikia, kaka, nakwambia ukweli. Uliniambia itakuja, hukuniambia utakuwa umekwenda.

Mwezi uliopita nilikwenda mashindanoni kwa sababu moja tu: Mama, yule yule aliyekuuliza nimekukosea nini, alilifua koti langu bila kuniuliza, akaliweka juu ya begi. Nilipangiwa msichana mrefu, mwepesi wa miguu. Aliuona mguu wangu juu, akaingia kwa tamaa. Hakuukuta. Nikavuta mkono, nikafagia wa kwake, akatua mgongo mzima, na mwamuzi akanyoosha mkono juu. Ippon, ushindi kamili.

Watu walipiga makofi. Mimi niligeuka pembeni, pale ulipozoea kusimama. Palikuwa na kiti kitupu na chupa ya maji ya mtu nisiyemjua. Nililia mbele za watu, na yule msichana niliyembwaga ndiye aliyenishika bega, akidhani ni furaha.

Imekuja, kaka. Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana ule mguu ni wewe peke yako uliyejua unatoka wapi.

Mungu akulaze mahali pakavu.

Mdogo wako,
Mwanahawa