Jina la Aliyechimba Mzizi

Nyakitonto,
S.L.P. 40,
Kasulu – Kigoma.
15 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Reverien,

Mwakeye? Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na Mama Mdogo Asnath ameizoea baridi ya Ubelgiji? Sisi ni wazima. Kiangazi kimeshika, maharage yameanikwa hadi mlangoni, na vumbi jekundu limeingia hata kwenye sukari.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa naandika nusu, nafuta, kisha natuma kicheko. Jambo hili siwezi kulituma hivyo.

Unajua tasnifu yangu ya kemia kaboni imefuata njia yako. Nimesoma makala zako zote arobaini na moja. Ile ya mzizi mchungu wa bondeni kwetu, uliyoitoa mwaka niliozaliwa, imenukuliwa na watafiti wengine mara elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Nilipoiona namba hiyo nililia maktabani, bila kujua ninalia nini.

Jumapili iliyopita baada ya misa nikamweleza Bibi Immakulata: kila anayetumia kazi ya mwanao hana budi kumtaja, na wamekwisha kumtaja mara nyingi kiasi hiki. Marselino katekista alikuwa pale akinywa uji. Akamtania, "Mama Reverien, hata Mtakatifu Yosefu kwenye litania hatajwi hivyo!" Bibi alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akatulia, akaniuliza, "Na yeye alimtaja nani?"

Unaijua desturi yake. Hapigi jembe kwenye mzizi kabla ya kumtaja mama yake, Niyomwungere, aliyemwonyesha, na kabla yake bibi yake aliyemwonyesha mama. Usipomtaja aliyekuonyesha, husema, dawa inalala.

"Nisomee," akasema.

Makala nilikuwa nayo mkononi, Baba. Imeandikwa kwamba mizizi ilikusanywa wilaya ya Kasulu, mwezi Oktoba. Basi. Shukrani zimekwenda kwa maabara na wafadhili. Nami, macho yakiwa kwenye karatasi, nikasoma kwa Kiha: mizizi hii ilichimbwa na Immakulata, mama wa mwandishi, aliyeonyeshwa na mama yake Niyomwungere. Sikupanga. Nilisikia sauti yangu ikisema.

Bibi akafumba macho. "Rudia, mwana wanje, mwanangu." Nilirudia mara tatu, na kila mara niliogopa nisije nikakosea neno. Sasa karatasi ile ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala. Anasema siku yake ikifika tumwekee chini ya kichwa. Ana miaka themanini na sita, na tangu Pasaka hatoki nje bila fimbo.

Sikulaumu. Ulikuwa kijana mgeni kati ya watu waliokufundisha namna ya kuandika, na namna hiyo haikuwa na nafasi ya mama. Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini uwongo niliousema ni wangu, na kuugeuza kuwa kweli kunakuhitaji wewe. Uliniambia unaandika makala ndefu ya kukusanya kazi yako ya miaka thelathini. Weka majina hayo mawili, mstari mmoja tu, kisha unitumie ukurasa wenyewe. Nitaubadilisha kimyakimya ndani ya kitabu cha sala. Kwenye tasnifu yangu nimeyaweka, ila tasnifu yangu nani ataisoma?

Fanya mapema, Baba. Nakuomba.

Alhamisi nilihitaji mizizi mingine ya maabara. Bibi alikataa nichimbe peke yangu. Tukashuka bondeni, ameniegemea begani. Kabla sijainua jembe akamtaja bibi yake, akamtaja Niyomwungere. Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Na Reverien mwanangu, aliyewaonyesha walio mbali."

Kwa hiyo ile namba yako wameikosea. Ongeza moja.

Mama yangu Dorcas anakusalimu sana, na Marselino anauliza kama huko litania bado zinaimbwa. Mbusu Mama Mdogo Asnath kwa ajili yangu. Imana ikulinde, ikuponye goti, ikurudishe nyumbani Bibi akiwa bado anaweza kukuchimbia mwenyewe.

Mwanao akupendaye daima,

Aline