Mkoba wa Memsahibu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako ya Kairo imetufikia hapa Masaki. Bibi yako mzima, anabangua korosho.

Unauliza piramidi nililionaje Mwingereza alipotupeleka vitani Misri. Siku ya likizo nilikwenda peke yangu, sare nimeipiga pasi. Memsahibu mmoja akaninyooshea mkoba wake bila hata kunitazama. Bwege mimi, nikaupokea! Hakuniamuru, Zuhura, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikamfuata mchana kutwa, macho kwenye visigino vyake, mpaka lori la kambini likaja kunichukua.

Nikikumbuka, hasira hunipanda hadi leo, na simkasirikii yeye. Nenda pale mikono mitupu, uinue kichwa, kisha uniandikie kule juu kukoje.

Babu yako