Mtoto Asiyekubali Kutumwa

Jumatatu, 3 Februari
Chaki zimeisha tena. Nimemtuma Nasra ofisini akachukue. Hakwenda. Kashika dawati kwa mikono miwili, macho juu yangu. Darasa la pili zima wasubiri nitafanya nini. Nimemtuma mwengine. Hesabu anazijua kuwashinda wenzake wote, kutumwa hataki. Walimu wenzangu wasema kiburi. Mwenye kiburi hatetemeki vile.

Jumatano, 5 Februari
Leo nimemjaribu makusudi. Apeleke daftari chumba cha pili tu. Kakataa. Nikasema basi twende sote. Akaja, kakamata buibui langu. Kumbe kwenda anaweza. Kuniacha nyuma ndiko asikoweza. Nimefurahi kupita kiasi, na sijajua bado sababu ya hofu yake.

Alhamisi, 6 Februari
Baada ya skuli nimekwenda kwao, hapahapa Vitongoji. Anakaa na shangazi yake, Bi Salma. Nimemkuta akipaa samaki magamba, kanieleza bila kuficha. Mama yake Nasra yuko Maskati, kazi za ndani, mwaka wa tatu. Siku ya safari mtoto alitumwa sukari dukani ili asilie. Kurudi, mama hayupo. Kisha bibi yake akapelekwa hospitali, mtoto yuko chuoni anasoma Kurani. Bibi hakurudi.
Ndivyo tufanyavyo sote. Mtoto haagwi, hutorokwa. Twaita huruma.
"Mie n'shachoka naye, mwalimu," kasema Bi Salma. Jumamosi ya wiki ijayo anampeleka Unguja kwa ami yake, akaishi huko. Atamwambia wanakwenda harusini.

Jumatatu, 10 Februari
Kila nikitoka darasani namwambia Nasra naenda wapi, narudi lini. Ofisini. Chooni. Watoto wanacheka, na wacheke. Leo kaniuliza mwenyewe nitarudi kabla ya kengele au baada. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu.

Jumatano, 12 Februari
Nimeharibu. Jana niliitwa semina Chake Chake ghafla. Niliondoka wakati wa mapumziko, nikapita nyuma ya madarasa asinione. Mimi, ninayejua. Leo hanitazami. Kamng'ata jirani yake mkono. Mazoea yana taabu. Najionea haya.

Alhamisi, 13 Februari
Nimemuomba radhi Nasra, nimechutama mbele ya dawati lake. Kafungua daftari lake, kaanza kuandika.
Jioni nimekwenda kwa Bi Salma. Nimemsihi asimpeleke. Hataki kusikia, tiketi keshakata. Basi angalau amwambie kweli. Kauliza, akilia je? Nikasema alie, na wewe uwepo. Kanikazia macho, akaingia ndani. Hata kwaheri sikupewa.

Jumamosi, 15 Februari
Leo ndiyo boti. Nimefua, nimepika, sikumbuki nimekula nini. Sina haki ya kwenda kuuliza.

Jumatatu, 17 Februari
Nasra yuko darasani.
Bi Salma kaja naye, macho yamemvimba. Alimwambia kweli Jumamosi alfajiri, baada ya sala. Mtoto akalia mpaka jua likapanda, shangazi kakaa naye pale pale jamvini. Tangu mama yake aondoke hakuna aliyemuona akilia. Tena akalala mapajani mwake. "Nikashindwa kuinuka, mwalimu," kasema. Boti ikaondoka bila wao.
Sijui itadumu. Bado hatumiki, na mimi simtumi. Saa nne kasimama mbele yangu, akasema anakwenda kunywa maji, atarudi. Nikamwambia haya, mie n'po. Kakimbia. Karudi midomo imelowa, tukaendelea na kuzidisha.