Kinu cha Mama Neema na Bunduki Yangu

Jumamosi, 13 Januari 1996
Mtutu umesafishwa, bunduki imefungiwa kabatini, mikono inanuka mafuta. Leo tena: risasi mbili za kwanza pamoja, ya tatu juu, ya tano nje ya karatasi. Ni bunduki ya zamani ya jeshi, imemzidi baba yangu umri. Mzee Lajos, katibu wa klabu ya shabaha: "Ihurumie, binti. Itundike ukutani." Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikajichukia.

Tarehe 3 Februari wanachagua timu. Risasi tano, mita mia, zote ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Ukikosa, huna nafasi uwanjani mpaka kiangazi. Jumamosi ndiyo siku pekee watu hulitaja jina langu, ingawa hulikosea.

Jumatano, 17 Januari
Nimekaza skrubu. Nimebadilisha risasi. Theluji. Tangu Jumapili sijaongea na mtu, ukiacha dereva wa basi.

Jumamosi, 20 Januari
Mbaya zaidi. Labda ni mimi. Kambini kule nyumbani, mwaka wa mafunzo ya jeshi baada ya kidato cha sita, niliwashinda wote kwa shabaha. Bwenini tulikuwa wasichana kumi na wawili, kelele usiku kucha. Nilitamani kimya. Nimekipata, ghorofa ya kumi na nne.

Jumanne, 23 Januari
Mama Neema, Mkongo wa mlango wa pili, alikuja kuomba chumvi. "We binti, unaoka mikate humu?" Nikasema naogopa baridi, hita haijazimwa tangu Novemba. Akasonya. "Kinu changu cha sombe, kisamvu chenu, kilipasuka hapa hapa, mwaka wa kwanza. Paa! Kama bunduki. Hita inakunywa maji yote ya mbao. Weka sufuria ya maji juu yake."

Nikalitazama kabati la bunduki. Liko ubavuni mwa hita. Sikusikia alichosema baadaye.

Jumatano, 24 Januari
Kumbe jana nilimpa sukari badala ya chumvi. Amekuja kunionjesha. "Sombe ya harusi hii, dada!" Nilicheka mpaka machozi. Akaondoka. Nyumba ikawa kubwa.

Alhamisi, 25 Januari
Ukanda wa karatasi ulipaswa kupita kati ya mtutu na mbao ya bunduki. Ulikwama. Mbao imekauka, imepinda, inausukuma mtutu kila unapopata moto. Nimeikwangua inapogusa. Pale iliposinyaa nimetia kipande chembamba cha mbao. Kisha mafuta ya kitani, polepole, kwa kitambaa. Kabati nimelihamishia ukutani upande wa pili. Hita nimezima. Nalala na koti.

Jumamosi, 27 Januari
Nne pamoja. Ya tano nje kidogo. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 30 Januari
Mafuta tena. Karatasi inapita. Vidole vimekufa ganzi. Nikikosa Jumamosi, sijui nitakwenda wapi.

Jumamosi, 3 Februari
Tano. Mzee Lajos alipima mara mbili. Akasoma jina langu kwa sauti, Mwanaidi, silabi moja moja, bila kukosea. "Umeifanya nini?" Nikasema nimeilaza kwenye baridi. Akadhani natania.

Nilirudi na karatasi yangu, nikagonga mlango wa pili. Kimya. Jumamosi Mama Neema yuko kwaya.

Bunduki nimeifungia. Nimejaza sufuria maji, nimeiweka juu ya hita, nimewasha kidogo. Karatasi yenye matundu matano iko mezani. Nimeweka juu yake kopo la chumvi, safari hii chumvi kweli, la kumpelekea Mama Neema, isipeperuke.