Dawa ya Macho ya Mama

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe, wifi na watoto. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechafuka, na nisipokuandikia wewe nitamrukia mtu hapa ofisini.

Unakijua kile kiendelezi changu, programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili maandishi ya mtandaoni yakuzwe na weupe wa ukurasa ufifie. Wenye kivinjari wamebadili mfumo wao. Viendelezi vya mtindo wa zamani wamevizima vyote, changu kikiwemo, eti kwa usalama wa watumiaji. Niliwaandikia kwamba watu wangu wengi hawaoni vizuri. Wakanijibu kwa kunishukuru kwa ushirikiano. Ushirikiano gani?

Watumiaji nao wamenigeuzia kibao. Mwalimu mmoja aliniuliza kama nimelala au nimekufa. Mama mmoja mstaafu akasema nimehongwa, na kwamba vijana wa siku hizi hatuna haya. Nimeandika upya kila kitu kufuata mfumo mpya, na bado naona nimewapigia magoti wenye kivinjari ninaowadharau.

Sasa unaniandikia kwamba macho ya Mama yameharibika tena ghafla, hawezi kusahihisha miswada kwenye kompyuta, na anataka kumwambia mchapishaji atafute mtu mwingine. Kaka, hayajaharibika tena. Hayakupata kupona. Yale matone ya daktari uliyomnunulia hayakufanya kitu. Nilipokuja likizo nilimpachikia kiendelezi bila kumwambia, maana angekikataa kama alivyoikataa miwani ya vioo vinene. Kesho yake akasoma, akamsifu daktari, akakusifu wewe, nami nikanyamaza. Kivinjari kilipokizima kilimpa taarifa, kwa herufi ndogo asizoweza kuzisoma.

Nilitaka nije nimrudishie kimyakimya. Lakini mfumo mpya unataka mtumiaji mwenyewe akubali kwanza, na hilo moja, pamoja na chuki yangu yote, nimeshindwa kulipinga. Basi kaa naye mezani. Mwambie ukweli wote, hata wa matone, kisha msomee ombi la ruhusa litakalotokea kwenye kompyuta, neno kwa neno. Akikataa, usimbonyezee. Akinitukana, nipigie simu nimsikie.

Nibusie watoto, na wifi mwambie nimemkumbuka.

Mdogo wako,
Kisirani