Yayi Yenye Ilikataa Kupasuka

Yaya Nadège, dada yangu mukubwa,

Jambo huko Mahagi. Siye hapa Bigo tuko, mvua tu ndiyo haitulii.

Ile kuku nililetea batoto ku masomo ya maternelle, kwenye ninafundisha badogo, imeangua. Vitoto yake inatembea chini ya meza, na Fabrice, mumoja wa batoto, anaimwagia bugali yake yote, anasema hasikii njaa.

Yayi moja ilikataa kupasuka. Nilitaka kuitupa, batoto balikataa. Baliifunga mu kitambaa, balichimba nyuma ya darasa, baliimba nyimbo ya kilio. Siye balimu hatujafundisha hiyo. Halafu Bijou, yule mutoto mwenye alikimbia vita ya Djugu na mama yake, alitandika mukeka sawa ku kilio, alinishika mukono: «Madamu, weye ndio mama ya yayi. Ikala chini.»

Uliuliza kama kilio ya mutoto yangu Guelord ilifanyika. Hapana. Tangu gari yake na benzake ichomwe ku njia ya machimbo, mwili haijaonekana, na baba yake anasema tungoje. Mimi ninaendaka ku kazi.

Lakini siku hiyo ya yayi nilikala ku mukeka, yaya. Batoto balikala pembeni yangu. Bijou aliuliza yayi inaitwa nani.

Nilisema Guelord.

Mudogo yako,
Lydie